Sifuri za Munyinga: Kumuaga Ndugu Laurian Ntandu

Leo, Alhamisi tarehe 30 Juni 1977, Ndugu Laurian Ntandu anastaafu baada ya kupima mvua kwa miaka ishirini na moja na miezi minne. Wageni wataona kwamba sherehe inaanza saa nne na nusu, si saa tatu kama ilivyo kawaida ya kituo. Sababu ni kwamba saa tatu mwenye sherehe atakuwa Munyinga, kilomita tisa kutoka hapa, akifungua kipimo chake. Kwa leo tu amekubali kurudishwa na Land Rover. Tulipomshauri aiache siku hii moja, alituuliza kama tumewahi kuona fundi anayemaliza ukuta kwa kuutoboa.

Kwa wasiokifahamu, kipimo cha mvua ni mkebe wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, wenye faneli juu na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi maji yaliyoingia humiminwa kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, na tarakimu huandikwa kitabuni. Isiponyesha, huandikwa sifuri. Kazi yote ni hiyo. Ugumu wake uko katika neno moja, nalo ni "kila".

Ndugu Laurian aliajiriwa mwezi Machi 1956, wakati kituo chetu cha majaribio ya mtama kilipokuwa Munyinga, chini ya kilima. Majirani hawakukipenda kipimo. Katika ukame wa mwaka 1961 walisema kimeachama mdomo mchana na usiku kinakunywa mvua ya watu. Asubuhi moja, mbingu zikiwa nyeupe, alikuta ndani maji ya karibu inchi nzima. Juu ya ua uliokizunguka kipimo ilikuwa imening'inia kata ya kibuyu ambayo nyumbani kwake kila mtu aliijua: ya Mama Redempta, mama mkwe wake. Mama alikuwa ameamua kukinywesha kipimo kishibe, ili kiache mvua ipite.

Mkwe hagombezwi. Wala kitabu hakidanganywi. Ndugu Laurian aliirudisha kata kwa mkono wa mtoto, kisha akaandika: "Maji yamo. Hayakutoka mbinguni." Ukurasa huo bado tunawaonyesha wageni. Siku sita baadaye mvua ilifunguka kwa kishindo, na hadi alipofariki Mama Redempta aliwaambia watu ni nani aliyeileta. Mkwewe alikuwa akiinamisha kichwa tu na kuitikia, "Ndiyo, mama."

Tuje mwaka 1974, ambao wengi wetu tunauzungumza kwa sauti ndogo. Mwezi Oktoba amri ilifika kwamba Munyinga yote, pamoja na kituo, ihamie kijiji kipya hapa kando ya barabara ya Mgori. Malori yalikuja siku ya tatu. Wiki ile wanaume wawili walikuwa wamechukuliwa na polisi kwa kukataa kupanda. Milango iling'olewa, kuku wakafungwa miguu, na mawe ya kusagia yakapakiwa juu ya magodoro. Ndugu Mazengo, msimamizi wa operesheni, kijana mwenye karatasi mkononi, alifika kwenye ua wa kipimo akaamuru king'olewe.

Ndugu Laurian alisimama mlangoni pa ua. Hakupaza sauti. Alieleza kwamba miaka kumi na minane ya mahali pamoja ndiyo inayotuonyesha ukame ni upi na mwaka wa kawaida ni upi. Ukikihamisha kipimo, ni kama kuchukua cheti cha mgonjwa mmoja ukakifunga kwenye kitanda cha mwingine.

"Mzee, mvua ni ya taifa," Mazengo alisema. "Itanyesha hata huko tuendako."

"Mvua ni ya taifa, mwanangu, sikatai. Kipimo ni cha hapa."

Watu waliokuwa juu ya lori walicheka, na hapo ndipo hatari ilipoanza, maana mwenye amri akichekwa hutafuta wa kulipa. Mazengo alisema karatasi yake ina mstari unaouliza kilichobaki, na jibu lake lazima liwe "hakuna". La sivyo mzee angepanda gari lingine, la polisi. Mkewe, Mama Theodora, alikuwa tayari juu ya mizigo. Alimwita kwa Kinyaturu, akimsihi ashike njia ya watu.

Ndugu Laurian aliingia stoo akatoka na kipimo cha akiba, kipya, kikiwa bado kwenye majani yake ya kufungashia. Alikiweka mwenyewe juu ya lori. Mazengo alikitazama. Akautazama na mdomo wa shaba uliokuwa bado ardhini. Kisha akaandika: kipimo, kimoja, kimepakiwa.

"Haya, panda twende."

"Bado robo saa, mwanangu. Ni saa tatu kasorobo."

Lori lilisubiri. Mazengo alikaa kwenye bampa akitazama saa yake, na muda ulipofika alikuwa wa kwanza kusema, "Mzee, tayari." Wakati wa kuondoka ndiye aliyekokota tawi la miiba na kuziba mlango wa ua. Katika kitabu, siku hiyo ina sifuri, na pembeni maneno mawili: "Lori lilisubiri."

Tangu hapo Ndugu Laurian amekuwa akiondoka hapa alfajiri na kurudi adhuhuri, kila siku. Kwa kuwa hawezi kuwa mahali pawili saa tatu, kipimo kipya alikisoma Mama Theodora, aliyejifunza tarakimu kwenye kisomo cha watu wazima. Jina lake halimo katika orodha ya watumishi. Leo limo humu.

Vitabu hivyo viwili, cha mume na cha mke, vilipowekwa pamoja vilionyesha kwamba kwa kila milimita nne zinazoshuka Munyinga, hapa hushuka tatu. Ndugu Hana Mpinga, mtafiti wetu wa mbegu, aliwapa wanakijiji mtama unaokomaa mapema, na mavuno ya mwaka jana wote mliyaona. Taarifa rasmi ilisema mbegu ya zamani haifai. Haikusema lolote kuhusu mahali tulipohamishiwa.

Ndugu Hana hakuwa rafiki wa kipimo tangu mwanzo. Alipofika mwaka 1972 alituambia kwamba sasa mawingu yanapigwa picha kutoka juu, kwa setilaiti. Ndugu Laurian alifurahi kama mtoto, akauliza maswali hadi chai ikapoa, mwisho akataka kujua kama picha hiyo inaonyesha kilichoingia ardhini Munyinga. Kiangazi cha 1975 Hana alisema sifuri za Agosti zinaweza kuandikwa mezani. "Twende kesho, binti yangu, ukaione sifuri," mzee alimjibu. Walikwenda. Chupa ilikuwa kavu, lakini nyigu walikuwa wameziba faneli kwa tope. Sifuri ya mezani isingeliona tope hilo, na mvua ya kwanza ingemwagika nje.

Hatuwezi kuficha wasiwasi. Nafasi ya Ndugu Laurian haijajazwa. Tangu mpaka wa Kenya ulipofungwa mwezi Februari, kadi zetu za mvua za kila mwezi, zilizokuwa zikienda Nairobi, zinalala kwenye droo, na hakuna aliyetuambia zipelekwe wapi. Wapo wanaosema sasa ndio wakati wa kuking'oa cha Munyinga. Mzee alipoulizwa anataka zawadi gani, saa ya ukutani au redio, alisema anataka mtu wa kesho.

Basi orodha ya zamu iko ubaoni, na jina la kwanza ni la Hana Mpinga. Aliliandika mwenyewe kabla hatujaulizwa sisi wengine. Leo atakabidhiwa bilauri. Kesho ni Ijumaa, tarehe mosi Julai, na hakuna mtu katika Singida nzima anayetarajia mvua. Yeye ataondoka alfajiri kwenda kuhakikisha.

Asante, Ndugu Laurian. Asante, Mama Theodora. Tunawatakia maisha mema, na angalau mvua moja mtakayoisikia juu ya bati mkiwa mmelala, bila kuamka kwenda kuipima.