Bingwa wa Lyari

Katika viti vya wanawake ndani ya basi la Karachi, abiria mmoja alimtazama Shehnila aliyevimba jicho, akamgeukia mama yake, Mahganj. "Dada, nani kamfanya hivi mwanao?"

"Msichana wa Lahore," Mahganj alijibu, akijizuia kutabasamu. "Ila mwenziwe katolewa ulingoni amebebwa."

"Ngumi ni za wanaume, dada."

"Babu yake, Mshidi, mzao wa Waafrika, mweusi kama sisi, alikuwa kuli bandarini na akawashinda ngumi mabaharia. Leo mjukuu anawafundisha ngumi vijana wetu waliokuwa wakishika bunduki za magenge."

"Na ataolewa na nani?"

"Anayejua kukwepa," Shehnila akajibu mwenyewe.

Wanawake wakacheka. Basi liliposimama Lyari, mtaa mzima ulikuwa umetoka na ngoma kumlaki bingwa wake.