Kiazi Kilichotugombanisha Miaka Ishirini na Sita

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Makumbusho, Mkurugenzi wetu, shemeji yangu uliyekaa hapo mbele na tai aliyokufunga mkeo, maana sote tunajua wewe mwenyewe huiwezi, watoto na wajukuu wa mwenzetu, wafanyakazi wenzangu wa ghala, wa maabara, wa karakana na wa getini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana: kila mmoja kwa heshima yake na nafasi yake, nawasalimu.

Najua baadhi yenu mlipoliona jina langu kwenye ratiba mlitazamana. Mmoja wenu, na simtaji kwa sababu ndiye anayenisainia likizo, alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza, "Wewe ndiye utakayemuaga? Kwani hawakumpata mtu anayempenda?" Nasikia walimtafuta, na walipompata, mwenyewe anayeagwa akaenda ofisini akasema, "Nataka aniage yule anayenipinga. Hao wengine watanisifu tu." Kwa hiyo, ndugu zangu, nikimsifu leo mjue nimevunja masharti.

Kwa wageni wasiotufahamu, huyu dada yetu hapa kazini tunamwita Mama Kwanini. Ukimwambia chai imepoa, atauliza kwa nini. Ukimwambia mkutano umeahirishwa, atauliza kwa nini, na ukimjibu, atauliza tena kwa nini jibu ni hilo. Mimi naitwa Bwana Hapana. Sidhani kama inahitaji maelezo.

Kilichotukutanisha ni Kiazi. Wengi wenu mmekiona ukumbini. Ni kitu cha udongo wa kuchoma, umbo lake kama kiazi kitamu kilichonona, kinaenea viganja viwili. Ndani ni wazi. Ubavuni kina matundu tisa yaliyopangwa kwenye mstari, na hakuna mawili yanayolingana: dogo kabisa linapitisha njiti ya kiberiti, kubwa kabisa linameza kidole gumba. Mafundi waliokuwa wakichimba mtaro wa mabomba ya maji walikikuta, zamani kabla sisi hatujaajiriwa, futi nne chini, karibu na majivu ya jiko la kale. Wapimaji walitwambia kina umri wa miaka elfu moja na mia moja hivi. Walituambia kimetengenezwa kwa udongo upi, na kilichomwa kwa moto wa namna gani. Swali moja tu lilibaki. Kilikuwa cha nini?

Mama Kwanini alisema ni kifaa cha wasokota kamba. Unapitisha nyuzi kwenye tundu, unavuta, na unene wa kamba unakuwa sawasawa, kamba nyembamba kwa tundu dogo na nene kwa tundu kubwa. Ushahidi wake ulikuwa michirizi iliyokwanguliwa kwenye kingo za tundu la pili na la tano, michirizi ya kitu kilichokuwa kikisugua hapo kwa miaka mingi. Mimi nikasema hapana. Nikasema ni filimbi. Ushahidi wangu ulikuwa ukingo wa lile tundu kubwa, ambao umekatwa mshazari, vilevile kama mdomo wa filimbi unavyokatwa ili pumzi igawanyike.

Tuligombana, ndugu zangu. Tuligombana kwa maandishi, kwa mdomo, kwenye semina, kwenye foleni ya chakula. Kuna mwaka alimpa mfinyanzi kazi ya kutengeneza mfano wa Kiazi, akasokotea kamba, akaniletea mezani pangu. Nikamwambia kamba hiyo mtu anaweza kuisokota kwa vidole vyake. Lakini niliichukua, na mpaka leo ndiyo inayofunga mlango wa banda langu la kuku. Mwaka uliofuata na mimi nikatengenezewa mfano wangu. Nikawaita wafanyakazi wote ukumbini, nikavuta pumzi, nikapuliza. Ilitoka sauti ambayo mlinzi wa geti aliisikia kutoka nje akaja mbio na rungu. Mama Kwanini akainua mkono kwa adabu kabisa, akasema, "Kaka, kama huo ndio ulikuwa muziki wao, sasa naelewa kwa nini walikizika."

Naona mnacheka. Siku hiyo mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikamhadithia mke wangu, na yeye naye akacheka.

Mtu anaweza kuuliza, watu wazima wawili, waliosomeshwa, wanagombania kitu kisicholika kwa miaka ishirini na sita, wana akili timamu? Swali hilo mke wangu ameniuliza, na shemeji hapo najua ameliuliza kwa wakati wake. Basi acheni niwaeleze jambo moja lililotokea miaka minane iliyopita. Sijawahi kulisema hadharani.

Mwaka ule tulikuwa tunafungua ukumbi mpya, huu mliopita mkija hapa. Kiazi kiliwekwa katikati, kwenye kabati la kioo peke yake. Kitabu cha Mama Kwanini kuhusu wasokota kamba kilikuwa kimeshapelekwa kwa mpiga chapa. Na ilijulikana, ingawa hakuna aliyeitamka, kwamba kitabu kikitoka yeye ndiye atakuwa Mkuu wa Utafiti. Yaani, kwa lugha nyepesi, mimi nilikuwa nimeshashindwa, na nilikuwa nikijizoeza kushindwa kwa uso mkunjufu.

Alhamisi asubuhi, siku tisa kabla ya ufunguzi, aligonga mlango wangu.

"Kaka, una shughuli?"

"Ninayo."

"Iache. Nimekuletea ushindi wako."

Akaweka picha mezani. Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, aliyoipata kwenye droo ya kabati la chuma wakati anatafuta picha ya mtaro kwa ajili ya jalada la kitabu. Ilikuwa picha ya ukumbi wetu wa zamani, ule uliobomolewa kabla sisi hatujaajiriwa.

"Naona feni," nikamwambia.

"Tazama chini ya feni."

Chini ya feni kilikuwa kinaning'inia Kiazi chetu. Wazee waliotutangulia, Mungu awarehemu, walikuwa wamekitundika darini kwa waya. Waya uliingia tundu la pili ukatokea la tano.

"Nyuma wameandika tarehe," akasema. "Hii ni siku ya kwanza kutundikwa. Nimeangalia daftari la ukumbi, kimekaa hapo miaka kumi na tisa. Feni inazunguka, Kiazi kinacheza, waya unasugua. Ile michirizi yangu si ya kamba, Kaka. Ni ya waya wetu wenyewe."

"Nani mwingine ameiona picha hii?"

"Mimi. Na sasa wewe."

Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilifurahi, moyo ulinidunda kama wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye bahati nasibu. Halafu nikaona aibu kidogo, nikamwambia, "Ungeweza kuirudisha kwenye droo."

Akaniuliza, "Kwa nini?"

Mabibi na mabwana, hakuniuliza kwa kunisuta. Hakuwa anajionyesha. Aliuliza kama anavyouliza kuhusu chai iliyopoa. Alitaka kweli kujua sababu ambayo mtu anaweza kuwa nayo. Akasimama, akasema, "Ikae kwako. Itazame vizuri," akaenda kumpigia simu mpiga chapa asimamishe mashine.

Nikabaki na picha. Nikachukua kioo cha kukuzia, si kwa sababu ya utafiti, bali ili nifurahi zaidi. Nikaupitia waya polepole, nikafika kwenye lile tundu kubwa. Tundu langu. Nikakisogeza kioo karibu, nikakitoa, nikakifuta kwa shati, nikakirudisha. Tundu lilikuwa la mviringo. Mviringo mtupu, kama kifuniko cha chupa. Ukingo wa mshazari haukuwepo. Mdomo wangu wa filimbi, ulionipa shahada na safari za semina, ulikuwa ni pengo tu. Kiazi kiligonga mahali, kikamegeka, baada ya siku ile ya kutundikwa.

Nilifanya nini? Nilitia picha kwenye droo yangu, nikafunga.

Nikajiambia nasubiri nipate uhakika. Ijumaa nikasubiri uhakika. Jumamosi na Jumapili nikasubiri uhakika, nalizunguka banda la kuku bila kazi, mke wangu ananiuliza kama naumwa. Mama Kwanini alikuwa ameshatupa kitabu chake na cheo chake kwa simu moja, na mimi nilikuwa nimekalia kipande cha karatasi. Jumatatu nikashindwa. Nikaenda ofisini kwake. Nilimkuta anang'oa ukutani michoro yake ya kamba, anaikunja vizuri, moja moja.

"Dada," nikasema, "kuna kitu kingine kwenye ile picha."

"Kipi?"

"Tundu kubwa. Ni la mviringo."

"Naam," akasema, akiendelea kukunja.

"Ulijua?"

"Nililiona Alhamisi, kabla sijaja kwako."

"Mbona hukusema?"

Akaniangalia. "Ile yangu niliisema mwenyewe. Nikaona na hiyo yako uiseme mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

"Ningekungoja mpaka Jumanne," akasema. "Jumanne nina kikao na Mkurugenzi."

Tulicheka, ndugu zangu. Tulicheka mpaka wa maabara wakachungulia mlangoni kuona kama tumeanza kupigana. Na kuanzia siku ile, ingawa nimeendelea kumpinga kila wiki, sijawahi kumpinga nikitaka ashindwe. Nampinga kwa sababu najua akiwa sahihi ataniambia, na akikosea ataniambia vilevile.

Mkurugenzi wetu anakikumbuka kikao kile. Naona ameanza kukuna kichwa kama alivyokikuna siku hiyo. "Ukumbi unafunguliwa Jumamosi," alisema, "na nyinyi wawili mnakuja kuniambia hamjui kitu?"

"Tunajua," Mama Kwanini akamjibu. "Tunajua si kamba na si filimbi. Wiki mbili zilizopita tulikuwa hatujui hivyo."

"Na kwenye kibao niandike nini?"

"Andika: Hatujui kilikuwa cha nini. Na chini yake: Wewe unaonaje?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulidhani watu watatucheka. Kumbe watu wamechoka kuambiwa. Hakuna kabati katika jengo hili linalosimamisha watu kama lile. Fundi bomba alikaa pale nusu saa akaapa kwamba ni kigawanya maji. Muuguzi akasema ni cha kujifukizia mvuke wa dawa. Bibi mmoja akasema ni kitu cha kumpa mtoto msumbufu ahangaike nacho mama apate kupika, na sioni wa kumbishia. Mtaalamu mgeni aliyekuja kwa ndege alikizunguka mara tatu, akatamka kwamba ni chombo cha ibada, maana mtaalamu akikosa la kusema husema ibada. Lakini aliyetuacha kinywa wazi ni fundi cherehani. Alitoa mfukoni kitambaa kimetobolewa matundu ya vifungo, madogo, makubwa, yote mstari mmoja. "Hiki anapewa mwanafunzi wangu ajifunzie kukata," akasema. "Hicho chenu naona ni hivyo hivyo. Mtu alikuwa anajifunza." Mama Kwanini hakuuliza swali siku nzima. Tulitaka kumpeleka hospitali.

Nisiufiche upande wa pili. Kitabu hakikutoka. Cheo cha Mkuu wa Utafiti kilikaa wazi mwaka mzima, na yeye hakuomba; nilikipata mimi. Nilipoandikiwa barua alikuja ofisini akanipa mkono, "Hongera, Kaka. Sasa utapinga kwa muhuri." Sikumwona kununa hata siku moja. Lakini mimi najua kiti kile kilikuwa cha nani, nami nalisema leo mbele ya wanawe na wajukuu wake, ili mjue mama yenu aliacha nini, na alikiacha kwa sababu gani.

Dada, watu wakistaafu hupewa saa ya ukutani. Kamati ilitaka kukununulia, nikasema hapana. Naomba sasa usikilize vizuri, kwa sababu wote humu ndani wanajua isipokuwa wewe, na imekuwa kazi kubwa kuwafunga midomo, hasa wa maabara.

Wiki tatu zilizopita watu waliokuwa wakichimba msingi wa zahanati walikutana na kitu cha udongo. Msimamizi wao alikuwa ameshawahi kuleta familia yake hapa Jumapili moja, akabishana na mkewe mbele ya kabati letu mpaka tukafunga. Akakitambua. Akakataza mtu yeyote asikioshe, akakivingirisha kwenye koti lake, akapiga simu.

Ni Kiazi cha pili, Dada. Kizima. Hakijamegeka, hakijatundikwa kwa waya, hakijakaa chini ya feni. Matundu yake tisa yana udongo ule ule ulioingia siku kilipoachwa, na ndani ya udongo huo kuna chochote kilichokuwa kikipita humo. Kiko chini ghalani, kwenye sanduku, na hakuna mkono uliolifungua tangu tukiweke humo. Mimi nimelipita kila asubuhi kwa wiki tatu nikiwa nimeweka mikono mifukoni. Bodi imeridhia uje siku mbili kwa wiki kama mtafiti mshiriki, kwa muda utakaoutaka mwenyewe. Ufunguo wa ghala anao shemeji, mfuko wa ndani wa koti. Ndiyo, na yeye alijua.

Usilie, Dada. Utauloanisha ushahidi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wageni wetu wapendwa, nashukuru kwa subira yenu na kwa masikio mliyonipa. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja zaidi, lakini naomba tu mvute viti kidogo mumpishe njia, maana naona ameshasimama.