Mayu Mektilda na Mikono Tuliyoificha

Tarehe 30 Juni 2025 Muuguzi Mektilda Mayige, ambaye kituo chetu chote cha afya kinamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aliripoti mwaka 1991, Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga na hapa kwetu pakiwa zahanati ya vyumba vitatu, yenye choo kilichokuwa na mlango siku za ukaguzi tu.

Kamati ya hafla iliwaomba watu watatu waandike wasifu huu kabla ya kunifikia mimi wa stoo ya dawa. Wote watatu walikuwa na udhuru. Mimi niliingia hapa kibarua wa kufyeka majani, sikuzoea kuwa na udhuru, basi nikapewa kazi pamoja na agizo kwamba maneno yawe matamu. Matamu yapo mengi. Machungu nayo yapo.

Mayu alifanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na tisa. Ukimhesabia watoto kumi tu kwa mwezi, amepokea zaidi ya elfu mbili. Wengine leo wana ndevu na wanampita barabarani bila salamu. Alipeleka chanjo Nkololo kwa baiskeli kabla kituo hakijapata hata pikipiki. Waume waliomletea wajawazito saa za mwisho aliwakaripia kwa Kisukuma, kisha akawapa chai.

Lakini kilichomtambulisha ni salamu. "Mwangaluka" yake haikuwa ya kupita njia. Alikushika kwa mikono yote miwili, akauliza nyumbani, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, na wewe ukiwa bado kwenye habari za ng'ombe tayari amekigeuza kidole chako kwenye mwanga. Kucha nyeupe zilizobonyea kama kijiko, alikutuma ukapime damu. Za buluu, alikuuliza kuhusu pumzi. Nusu nyeupe na nusu kahawia, alikuambia figo zitazamwe. Kila mara alisisitiza kwamba ukucha haukati kesi. Unakuambia tu ukapime.

Dereva wetu Mwandu aliporudi kutoka likizo kwao Binza, Mayu alimshika dole gumba akalisogeza kwenye mwanga. Kucha zake zote zilikuwa na mfereji uliokatiza katikati. Akamwambia kwamba miezi mitatu iliyopita alikaribia kufa na hakumwambia mtu. Ilikuwa kweli: malaria kali, na aliyejua ni mkewe peke yake. Baadaye nilichukua rula. Ukucha unakua kama milimita tatu kwa mwezi, na mfereji ulikuwa milimita tisa kutoka kwenye shina. Hesabu ilikubali. Mwandu hakukubali, tangu siku hiyo anaendesha gari na glavu, hata jua la Oktoba.

Kisha ikaja habari ya Masele, mkulima wa pamba. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba na kucha zimejikunja juu yake, vidole kama vichwa vya njiti za kiberiti. Mayu alimsihi akapige picha ya kifua. Masele alisema atakwenda akishauza pamba. Pamba iliuzwa, yeye tukamzika. Msibani wanawake walisogea kwenye mkeka, kila mmoja kidogo, mpaka Mayu akabaki peke yake katikati kama kitu kilichoanikwa. Mjane akamuuliza mbele ya watu kwa nini alimtazama mume wake. Mayu akajibu kwa sauti ndogo, "Ugonjwa sikuuleta mimi, mwanangu. Niliuona tu, umeshafika."

Jibu hilo ndilo lililomponza. Kuanzia hapo mtu akiugua, watu waliulizana kama ametazamwa. Wajawazito walianza kuja kliniki na kucha zimepakwa rangi. Mmoja wao, Kabula, alikuja amepaka nyekundu vidole vyote. Mayu alipoisafisha akakuta chini yake weupe wa chokaa. Alipelekwa mjini Bariadi akaongezwa damu, akajifungua salama. Mpaka leo akimwona Mayu, Kabula huvuka barabara kumkwepa.

Na sisi watumishi, wenye vyeti ukutani? Tulimsalimia kwa kiwiko miaka miwili kabla ya korona. Ilipokuja, tulikuwa tumeshafuzu. Mimi nafanya hesabu kwa kazi, basi niliifanya na hii: kati ya watu kumi na mmoja ninaowajua, aliowaambia wakapime, tisa wako hai. Kijiji kizima kinawakumbuka wawili.

Mwezi Mei Mayu mwenyewe alipaka rangi. Yeye, aliyekataza rangi wodini, alikuja na kucha za rangi ya damu ya mzee. Watu walipiga makofi, mama anasherehekea. Siku ya kunikabidhi funguo za chumba cha chanjo niliona rangi imepanda mpaka kwenye ngozi, na chini yake vidole vya Masele. Alirudisha mkono mfukoni upesi. Hapo nikatambua kwamba kwa wiki kadhaa hakuwa amemshika mtu mkono, na ngazi mbili za baraza alikuwa akizipanda kwa kupumzika.

Alikuwa amepanga kwenda nyumbani kwake Lagangabilili kimya kimya. Nilimwambia siwezi kuandika sifa na kuliacha hilo. Alinitazama usoni, si mikononi. "Basi andika," akasema, "andika uliukuta umeshafika, wasije wakasema wewe ndiye uliyenitazama."

Nimeandika. Mganga mfawidhi, Dokta Wilhelmina, ameshapanga picha ya kifua Bariadi, Jumanne asubuhi, na Mwandu atamwendesha. Katika zawadi kuna kitenge, redio, na chupa ya dawa ya kutolea rangi. Kabla ya keki tutapita mbele yake mmoja mmoja na kumpa mkono, Mwandu wa kwanza, bila glavu. Asiyetaka asile keki.

Mayu, asante kwa kututazama wakati sisi tulikuwa tunaangalia pembeni. Ukucha mpya huchukua miezi sita kuota wote. Tunakutakia miezi hiyo sita, na mingine mingi nyuma yake. Na kila mwisho wa mwezi tutakuja Lagangabilili, tukushike mkono, tuutazame sisi.

Paschal Shigela
Stoo ya Dawa