Mstari wa Thelathini na Nane: Kumuaga Mama Emerensiana wa Maabara

Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Mama Emerensiana Libena aliingia maabara yetu mwaka 1967 kuosha chupa, na Jumanne tarehe 30 Juni 1998 anastaafu akiwa msimamizi wake. Mimi Fulgensi, niliyefundishwa kazi naye, nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Nianze na vituko vyake. Uvimbe ukiletwa ndani ya chupa kutoka chumba cha upasuaji, Mama husoma kwanza umri wa mgonjwa. Kama ni mkubwa kwake, huiambia chupa shikamoo ndipo akate kipande. Tulimcheka weee! Alisema kipande cha mtu ni mtu, na mkubwa hashikwi kabla ya kuamkiwa. Mwenzetu Barnaba alisahau siku moja, akarudishwa kutoka kwenye chai aje aamkie.

Mwaka 1991 alijichoma sindano akimtoa mgonjwa damu. Baadaye akapimwa, akakutwa na kirusi cha ukimwi. Kesho yake alichelewa kazini dakika kumi, akaomba radhi.

Ndipo alipoanzisha daftari la kijani. Alikuwa ameona wanawake wenye kansa ya titi ambao damu yao ilikuwa na kirusi pia, akampa kila mmoja mstari wake. Wengine uvimbe wao ulikuwa kama kunde wakati wa Pasaka, na kufika Julai ukawa kama limau. Je, kirusi kinachochea seli zikue, au kinawachosha tu walinzi wa mwili? Daktari mgeni alimwambia wapo virusi vinavyovuruga ukuaji wa seli, lakini kama hiki cha ukimwi kinachochea kansa ya titi bado haijulikani. Alisema wagonjwa thelathini na saba wa daftari lile ni wachache, na pengine walichelewa tu kuja. Mama hakununa. Aliongeza safu mbili: siku uvimbe ulipoonekana, na umbali wa nyumbani. Safu ya mwisho ni tarehe ya kufariki. Nafasi zake karibu zote zimejaa, jamani.

Machi mwaka huu alishika uvimbe kwenye titi lake mwenyewe. Mstari wa thelathini na nane ameuandika kwa mkono wake. Wenzake wote ni namba. Yeye kaweka jina kamili, na ameniamuru nilitaje hapa bila kuficha, kwa sababu aibu imezika wengi.

Kipande chake kililetwa kwangu. Nilisoma umri: hamsini na mitano. Mimi nina arobaini na mmoja. Nikainama nikasema shikamoo. Sikujua kwamba amesimama mlangoni. Aliitika marahaba, akaniagiza nikate vyembamba, nisimwaibishe. Daktari alikisoma kwa hadubini: ni kansa.

Anarudi kijijini Michenga kwa mdogo wake Justa. Daftari kaniachia mimi.

Asante, Mama. Nenda ukapumzike na ule wali mpya. Mstari wako ninao, na safu yake ya mwisho tunaiombea ikae wazi mpaka wino wangu ukauke.