Sauti ya Januarius Mayige, 1979–2025

Ndugu waombolezaji, majirani, na jamaa mliotoka Nkololo na Lamadi, naitwa Masunga Mayige, ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, niliomba apewe mtu mwingine, lakini mjane, Nyamizi, akasema, "Utasoma wewe, shemeji, na usome yote."

Januarius alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Nkololo, mtoto wa kwanza wa mzee Mayige na mama Generoza, akasoma shule ya msingi hapo hapo huku akichunga ng'ombe kwa zamu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998, akafundisha kwa miaka kadhaa, na mwaka 2009 akafungua duka la steshenari karibu na stendi ya Bariadi.

Virusi kutoka kwenye flashi za wateja vilipoua kompyuta yake ya kwanza, aliweka Linux, mfumo unaotolewa bure, na tangu hapo hakuguswa tena na kirusi, ila alichekwa sana, kwa maana fomu za ofisini zilifunguka kwake majedwali yakiwa yamepandana, na printa ilikaa siku nne bila kutoa karatasi, naye akasoma maelekezo ya watu asiowajua mpaka ikatoa, akaubandika ukurasa ule wa majaribio ukutani kama cheti cha ndoa. Mzee mmoja wa Dutwa, alipoona kioo cheusi na maandishi meupe yanashuka yenyewe, alinyakua cheti chake akasema, "Nimekuja kutoa kopi, sikuja kupigiwa ramli," na mimi nikamwita kaka yangu mganga mbele za watu, naye akanijibu, "Cheka, Masunga, lakini flashi yako unaisafishia wapi?"

Alifunga ndoa na Nyamizi, binti wa wauza dagaa wa Lamadi, tarehe 7 Oktoba 2006, wakajaliwa watoto watatu, Kabula mwaka 2008, Yakobo mwaka 2013, na Monika tarehe 19 Novemba 2024.

Januari mwaka huu sauti yake ilianza kukwaruza, na mwezi Aprili madaktari jijini Mwanza wakamweleza kuwa ni saratani ya koo, na kwamba upasuaji ungemwacha bila sauti. Kuanzia tarehe 2 hadi 6 Mei alijifungia chumbani na kompyuta ile ya dukani akajirekodi kwa ajili ya Monika, ambaye asingemkumbuka akizungumza. Nyamizi alisikia mlangoni salamu ya asubuhi tu, ile ya Kisukuma ya kumwita binti mama, "Mwangaluka, mayu," akaondoka asimsumbue. Yeye aliyewahimiza wateja kuweka nakala mbili, ya pili aliiweka ndani ya kompyuta hiyo hiyo, kwa kuwa flashi zote dukani zilikuwa za watu.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 13 Mei, duka nikaachiwa mimi, na tarehe 20 printa ikagoma, wanafunzi waliopanga foleni wakanizomea, nikamwita fundi aweke Windows. Fundi akauliza, "Bro, humu hamna vitu vya maana? Nikifuta havirudi." Nikamwambia afute, akauliza tena, nikajibu kwa sauti, "Hiyo si ni Linux, itakuwa na nini?" Wanafunzi wakacheka, nikafurahi kwamba wamecheka.

Tarehe 30 Mei kaka alirudi akiwa na bomba shingoni, nikamwonyesha kompyuta, nikasimama pembeni nikisubiri anishukuru. Alitafuta kwa muda mrefu, akaizima, akaandika kwenye daftari, "Printa inafanya kazi sasa?" Nikasema inafanya, akaandika, "Vizuri," na hakuniandikia neno jingine juu ya jambo hilo mpaka alipofariki nyumbani, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Jana Nyamizi alileta spika hii mnayoiona, akaniomba nitafute rekodi ile, Monika asikilizishwe baba yake kabla hatujafukia kaburi, na hapo ndipo nilipojua nilichofuta. Spika haitawashwa. Karatasi hii nimeichapa kwa printa ile ile, imetoka bila kugoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala hapa nasi, wenzake wa steshenari waliofunga maduka yao leo, na tunamshukuru fundi, ambaye yupo hapa, asilaumiwe na mtu yeyote, yeye aliuliza mara mbili.

Kaka, pumzika kwa amani.