Hidrojeni ya Tisa

Benchi la mbele ya duka la mkate, mkabala na ukuta wa kiwanda cha kusafisha mafuta, lilikuwa na wenyewe. Momčilo aliitwa Bunge kwa kuwa hafungi mdomo. Tihomir aliitwa Profesa kwa kufagia maabara ya kiwanda miaka ishirini na moja. Jumanne hiyo Radisav alifika na karatasi. Maji ya kisima chake yalikuwa yamepimwa mjini. Majibu yalikuwa mstari mmoja tu, jina la kemikali ya mafuta: toluini, C₇H₈.

— Hawakusema kama maji yananyweka? Bunge akauliza.

— Ndiyo hayo tu.

— Wanaficha kitu hao. Profesa, hebu wakague.

Profesa akachora pete ya pembe sita mavumbini.

— Hii benzini. Kila pembe ina kaboni, kila kaboni na hidrojeni yake. Toluini unapachika hapa kaboni ya saba, yenye hidrojeni tatu. Sita na tatu?

— Tisa.

— Wao wameandika nane.

Wakatazamana. Radisav akaisoma karatasi upya.

— Moja iko wapi?

— Imeliwa! Bunge akadakia. — Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu. Leo hidrojeni, kesho kisima chote!

— Wanifanyie hivyo ili iweje?

— Uogope, uwauzie watu wa kiwanda kiwanja chako, wajenge matangi. Si uliona mafuta juu ya maji? Ukiona vyaelea, vimeundwa!

— Au chupa ilibadilishwa, Profesa akanong'ona.

— Niliipeleka mwenyewe, kwa basi.

— Na pembeni yako alikaa nani?

Radisav akamkumbuka mzee mmoja mwenye kofia, akamchukia papo hapo.

Mke wa Radisav, Desanka, akatoka dukani na mikate miwili. Akauinamia mchoro kwa muda.

— Hapo mlipopachika, si palikuwa na hidrojeni tayari? Mmeitoa?

Profesa akahesabu kwa vidole, akarudia.

— Nane, akasema kwa sauti ndogo.

— Kwa hiyo karatasi ni ya kweli? Desanka akauliza.

— Ngoja kwanza, shemeji... Bunge akaanza.

Radisav aliona aibu, kisha hofu ya kweli ikamshika. Alikuwa ametamani sana awe ameibiwa, kuliko maji yake yawe na sumu kweli.

— Wajukuu wanafika saa saba, Desanka akasema. — Maharagwe nimeyaloweka tangu jana kwa maji ya kisimani. Nipike, nisipike?

Wanaume watatu wakauinamia mchoro, wakaanza kuhesabu hidrojeni upya.