Kilomita Kumi na Mbili Zilizobaki

Wasifu huu umeandikwa na binti wa kwanza wa marehemu, karani wa mahakama, ambaye kwa miaka tisa kazi yake imekuwa kuandika maneno ya watu kama walivyoyasema, bila kutia chumvi. Anayeusoma ni shangazi yake, mdogo wa marehemu, kwa sababu karani anajijua: asingefika aya ya pili sauti haijamkatika.

Marehemu mchungaji wetu alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, katika kambi ya wafanyakazi wa barabara, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake aliendesha greda na mama yake alikuwa mpishi wa shule. Kambi ile ilihama kila kipande cha barabara kilipokwisha, ndiyo maana akiulizwa kwao wapi alijibu kwamba yeye hana kwao, ana kilomita tu. Alijua kuhesabu nguzo za barabarani kabla hajajua kusoma, na baba yake alimtuma azihesabu ili wageni wacheke.

Alianza shule ya msingi Januari 1966. Wakati huo kambi ilikuwa imesogea kilomita tisa kutoka shuleni, na walimu wa pale hawakuwa na mchezo na wachelewaji. Mdogo wake, huyu shangazi anayesoma, alikuwa mzito wa miguu na kila asubuhi alichapwa. Kaka yake akaamua kukimbia mbele yake. Shangazi anasimulia hivi: "Alikuwa hageuki nyuma hata mara moja. Alikuwa anasikiliza pumzi yangu tu. Nikihema sana, anapunguza. Nikijifanya nahema, anaongeza." Wakifika getini alisogea kando ili mdogo wake atangulie kuingia, na zipo siku kengele ililia yeye bado yuko nje, akachapwa yeye. Shangazi hajawahi kuchapwa tena kwa kuchelewa, na fimbo zile za kaka yake anasema anazikumbuka kuliko zake mwenyewe. Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na kidato cha nne mwaka 1976.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa mtunza ghala wa kiwanda cha matairi. Kiwanda kilikuwa na timu ya riadha, na kocha wake aligundua kitu kimoja kuhusu kijana yule wa ghala: ukimwambia akimbie kila kilomita kwa dakika tatu na sekunde kumi, anakimbia hivyo hivyo mpaka umwambie basi, bila kuangalia saa. Kuanzia mwaka 1981 hadi 1994 hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na iliwalisha watoto watatu. Alikuwa mwongoza kasi. Kwa wasioijua kazi hiyo, mwongoza kasi hukodishwa akae mbele ya mabingwa, awakatie upepo, awashikie mwendo waliouagiza, na marathoni ikifika kilomita ya thelathini anatoka barabarani. Kilomita kumi na mbili zinazobaki ni za wengine. Marehemu aliongoza marathoni arobaini na moja na hakumaliza hata moja. Mashabiki wakampa jina la Thelathini, wakidhani wanamkebehi, naye akalipenda kiasi cha kuliandika kwenye mlango wa ghala. Bingwa mmoja aliyevunja rekodi nyuma ya mgongo wake alimtumia viatu vya shukrani, vikubwa kwa saizi mbili. Viko juu ya kabati hadi leo na hakuna aliyewahi kuvivaa.

Mke wake, mama yetu, alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na geti la kiwanda. Walipochumbiana hakujua lolote kuhusu riadha. Jumapili ya tarehe 6 Oktoba 1985 alivaa vizuri, akachukua sweta la kijivu alilomfumia mchumba wake kwa mikono yake, akaenda kusimama pale mwisho wa mbio pamoja na wake za wakimbiaji. Wakaja wa kwanza, wakaja wa katikati, wakaja wazee na waliokuwa wanachechemea. Yeye hakuja. Binti wa watu akaanza kulia, akiamini mchumba wake ameanguka njiani na watu wanamficha. Mwisho likaja gari la waandaaji, na ndani yake ameketi Thelathini, amejifunika blanketi, anakula ndizi. Alijieleza mpaka akachoka. Mama akasikiliza, akamtupia sweta, akauliza swali moja.

"Sasa mimi niwe nakungoja wapi?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985. Tangu hapo mama alimngoja kwenye kilomita ya thelathini, mahali pasipo na bendera wala wapiga picha, yeye na sweta lake na chupa ya chai. Lakini hakuacha kutamani, na hakuficha. Alitaka siku moja tu asimame pale mwisho kama wanawake wenzake, amwone mume wake akija. Marehemu akamwahidi. Ahadi hiyo aliirudia kila mwaka mpya, na kila mwaka mpya mama alimjibu kwamba haya, sweta lipo.

Mguu wa kulia ulimwangusha mwaka 1994, mshipa wa kisigino ukakatika, na kwa miaka miwili alikaa nyumbani akiwaangalia watu wakipita. Mwaka 1996 alijiunga na chuo cha Biblia, na Jumapili ya tarehe 17 Januari 1999 aliwekewa mikono kuwa mchungaji. Kanisa lake lilikuwa ghala lile lile la matairi, ambalo kiwanda kilipofungwa lilibaki tupu, na harufu ya mpira haikutoka mpaka mwaka wa tano. Mahubiri yake yalichukua dakika kumi na nane, hayakuzidi wala kupungua, na akina mama walikuwa wanabandika wali wakijua utaiva wakirudi. Wengi mliopo hapa mnamkumbuka kwa kazi nyingine. Mgonjwa aliyekaribia mwisho alipotaka mtu, aliitwa yeye. Hakuwa mtu wa maneno mengi kitandani. Alikaa, akasikiliza pumzi, akaomba taratibu kwa mwendo wa pumzi ile. Akirudi nyumbani mama alimuuliza amewafikisha wangapi, naye alijibu kwamba yeye huwasindikiza tu, kufika wanafika wenyewe.

Mwaka 2017 zahanati ya kata ilifungwa, na wajawazito wakawa wanatembea kilomita saba. Marehemu akachukua fomu ya udiwani. Wapo washirika waliokasirika na kuhama kanisa, na tunafurahi kuwaona hapa leo. Alifanya kampeni kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na daftari mkononi, akiandika kila nyumba ina mgonjwa gani. Meneja wake wa kampeni, dereva mstaafu tunayemwita Breki, alimwambia waziwazi kwamba hana siasa hata chembe. Siku ya kupiga kura walimkuta bibi mmoja anayejikongoja kwenda kituoni, na marehemu akamshika mkono. Bibi akaona vibaya kumdanganya.

"Mwanangu, kura yangu si yako. Nampa yule mwingine."

"Najua, mama. Twende, foleni inazidi."

Alishindwa kwa kura mia moja na kumi na sita. Jioni ile alimpelekea mshindi daftari lake, akamwonyesha pa kuanzia. Zahanati ilifunguliwa baada ya miezi mitano, na siku ya kukata utepe marehemu alisimama nyuma kabisa. Breki aliumia kuliko yeye, na mpaka leo akisimulia habari ya daftari lile anakunja uso.

Sasa karani anafika mahali ambapo aliacha kuandika kwa siku mbili.

Baada ya uchaguzi, marehemu alitangaza mezani kwamba ametimiza miaka sitini, hana cheo, hana pa kwenda, na deni lake kwa mama analipa mwaka huu. Akaanza mazoezi kwa ajili ya mbio za mji, Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2018. Mama alitoa sweta, akaziba tundu la kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu uchumba akaenda kumngoja pale mwisho. Karani alikuwa kwenye meza ya maji, kilomita ya thelathini. Alimwona baba yake akija, polepole lakini kwa mwendo ule ule wa siku zote. Alipofika kwenye kibao akatoka barabarani, akaketi ukingoni, akaanza kufungua namba kifuani. Binti akaangua kicheko. Akamwambia baba, leo hakuna gari la waandaaji, leo unaendelea. Baba naye akacheka, lakini hakuinuka. Rangi yake ilikuwa imebadilika na mkono ulikuwa kifuani. Kisha akasema kwa sauti ya chini maneno ambayo karani anayaweka hapa kama yalivyosemwa.

"Usimwambie mama yako. Sema ni mazoea."

Na binti akasema ni mazoea. Likawa jambo la kuchekesha mtaa mzima, jinsi miguu ya Thelathini ilivyomtoa barabarani yenyewe. Mama alimtania kwa miezi minne, mbele ya wageni, mbele ya wazee wa kanisa, naye akacheka pamoja nao. Karani aliyefundishwa na baba yake kusikiliza pumzi za watu hakuisikiliza ya baba yake.

Tarehe 19 Agosti 2018 marehemu alianguka mimbarani, katika dakika ya kumi na mbili. Daktari alisema moyo umepanuka na kuchoka. Karani alimuuliza ingekuwaje kama angeletwa Aprili, na daktari, mtu mkweli, alijibu kwamba angeongezewa muda, ila kiasi gani hakuna ajuaye. Alitibiwa kwa miezi kumi. Juni mwaka huu alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha sita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka atembee kidogo kila siku, na Alhamisi, tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi, marehemu akamwambia mama akasimame dirishani, mwisho wa ukumbi mrefu wa wodi, na asisogee. Mama akasimama, sweta mkononi. Alikuja kwa kushika ukuta. Alipofika kwenye benchi la katikati akataka kupumzika, na mama akapiga hatua moja kumfuata.

"Kaa hapo hapo, mke wangu," akasema. "Kesho nitafika."

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2019, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Jumatatu wiki hii karani alimsomea mama wasifu huu chumbani, mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ya kilomita ya thelathini, ambayo mama alikuwa haijui. Alikuwa tayari kuifuta. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na uzi ukakataa kuingia mara tatu.

"Kumbe nilimcheka mgonjwa," akasema.

Binti akaomba msamaha, akalia sana. Mama alimwacha alie, kisha akamvuta kichwa akakilaza mapajani, kama zamani. Akamwambia kwamba baba yake alimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, na hilo wataongea wakikutana. Akasema asifute neno. Tena aongeze kwamba Jumapili ile yeye alingoja mpaka kamba zikakunjwa na bendera ikashushwa, na hata walipompigia simu kwamba mzee yuko nyumbani, alikaa kidogo tena, kwa sababu alikuwa amengoja miaka thelathini na tatu na hakujua aondoke vipi.

Kuhusu maziko alitoa neno moja tu: yeye hapandi gari la msiba. Wengi mmeuliza asubuhi hii mama yuko wapi, mbona hayupo nyuma ya jeneza na watoto wake. Mama alitangulia. Amekuwa hapa makaburini tangu saa mbili, pale mbele, amesimama na sweta la kijivu, anamngoja mume wake afike.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, yaani karani na mapacha wa kiume, mmoja fundi umeme na mwingine mwalimu, wajukuu watano, dada mmoja ambaye ndiye huyu anayesoma, kanisa lenye harufu ya mpira, na viatu ambavyo mwenye mguu mkubwa anakaribishwa kuvijaribu.

Thelathini, baba yetu, waliokubeba wameshasimama tayari. Zimebaki hatua chache, na leo hutoki barabarani. Mama anakuona. Fika, upumzike kwa amani.